Oksidi Ile Ile: Unene, Dosari na Historia ya Tantali ya Maziwa Makuu, kutoka Usumbura hadi Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia mbili ambazo kwa kawaida huandikwa mbalimbali: historia ya madini ya koltani katika eneo la Maziwa Makuu, na historia ya utando mwembamba wa oksidi ya tantali unaotengenezwa viwandani kutokana na madini hayo. Inaonyeshwa kwamba oksidi inayotajwa katika hati za mauzo ya koltani na oksidi iliyomo ndani ya kapasita ya simu ni kampaundi moja kikemia, na kwamba tofauti kubwa ya thamani kati yake inatokana na udhibiti wa mambo mawili: unene wa utando na dosari zilizomo ndani yake. Makala yanadai kwamba mijadala ya kisera katika eneo hili imejengwa juu ya uzito na asili ya madini, huku maarifa ya utando yakibaki nje ya mjadala, na kwamba Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya sehemu kubwa ya migodi na masoko hayo, kina uwezo wa kuyabeba maarifa hayo.

1. Utangulizi

Bujumbura ni makao ya Sekretarieti ya Mkutano wa Kimataifa wa Ukanda wa Maziwa Makuu. Chombo hicho kilizaliwa na Azimio la Dar es Salaam la Novemba 2004 pamoja na Mkataba uliotiwa saini Nairobi mwezi Desemba 2006. Miongoni mwa itifaki za Mkataba huo imo inayohusu uchimbaji haramu wa maliasili. Desemba 2010, wakuu wa nchi wanachama walikutana Lusaka wakaidhinisha zana sita za kupambana na uchimbaji huo, zikiwemo utaratibu wa kikanda wa kuthibitisha asili ya madini, hifadhidata ya mienendo ya madini na urasimishaji wa wachimbaji wadogo. Madini yanayolengwa ni bati, tantali, tangsteni na dhahabu.

Tantali ina nafasi ya pekee katika orodha hiyo. Dhahabu hujulikana kwa kila mtu, na bati lina historia ndefu katika maisha ya watu wa kawaida. Tantali haionekani. Sehemu kubwa ya matumizi yake imo ndani ya kapasita, vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme, na ndani ya kapasita hiyo sehemu inayofanya kazi ni utando wa oksidi ambao unene wake ni mdogo mara mamia kuliko unene wa unywele. Anayetaka kuelewa kwa nini koltani ilipiganiwa, na kwa nini bei yake hupanda na kuporomoka ghafla, hana budi kuufahamu utando huo. Kwa sababu hiyo, makala yanaanza na historia ya mgodi na njia ya mizigo, kisha yanaingia katika historia ya utando, na hatimaye yanarejea katika suala la lugha na sera.

2. Usumbura na madini ya mizani

Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Askari, wapagazi na wafanyabiashara waliofuatana nao walikuwa wasemaji wa Kiswahili, na lugha hiyo ikawa lugha ya kambi, ya soko na ya maagizo ya utawala. Baada ya Wabelgiji kuiteka nchi mwaka 1916 na kupewa udhamini wa Ruanda-Urundi na Shirikisho la Mataifa, Kifaransa kilishika nafasi ya juu katika utawala, na Kirundi katika shule na makanisa. Kiswahili kilibaki katika mitaa ya mji, hususan Buyenzi, na katika safari za ziwani.

Njia ya mizigo nayo ilikuwa na Kiswahili. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Kwa makubaliano ya mwaka 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji, Wabelgiji walipewa maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, na shehena za Ruanda-Urundi zikaweza kushuka ziwani kutoka Usumbura, zikapanda reli hadi bahari ya Hindi. Tangu miaka ya 1930, miongoni mwa bidhaa za udhamini huo yalikuwemo madini ya bati, yaani kasiteriti, na pamoja nayo kolumbiti na tantaliti, ambayo mara nyingi hupatikana katika miamba ile ile. Upande wa Kongo, mgodi mkubwa wa Manono huko Katanga ulitoa bati na tantali kwa miongo kadhaa. Nchini Burundi, maeneo ya Kabarore katika uliokuwa mkoa wa Kayanza na Murehe katika uliokuwa mkoa wa Kirundo yamejulikana kwa madini ya jamii hiyo.

Katika kipindi chote hicho madini yalikuwa kitu cha kupimwa kwa mizani. Mchimbaji alilipwa kwa kilo, kampuni ilitoza kwa tani, na serikali ilikusanya kodi kwa misingi hiyo hiyo. Tantali ilihesabiwa kuwa nyongeza ya bati. Soko la bati lilipoanguka duniani mwaka 1985, kampuni za Kivu zilidhoofika sana. Tayari mwaka 1982 serikali ya Zaire ilikuwa imeruhusu uchimbaji mdogo wa watu binafsi. Kwa hiyo, dunia ilipoanza kuihitaji tantali kwa wingi katika miaka ya 1990, aliyekuwapo mgodini alikuwa mchimbaji mdogo mwenye sururu, koleo na karai.

Kipimo kimoja cha biashara hiyo kinastahili kuangaliwa kwa makini. Koltani, jina ambalo ni ufupisho wa kolumbiti na tantaliti, haiuzwi katika soko la dunia kwa uzito wa mawe peke yake. Bei hutajwa kwa ratili ya oksidi ya tantali, Ta2O5, iliyomo ndani ya mawe hayo. Mzigo wenye asilimia 30 ya oksidi hiyo una thamani tofauti kabisa na wenye asilimia 15. Hivyo mwenye mashine ya kupima asilimia ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu bei, na mchimbaji huambiwa matokeo. Fomula hiyo ya Ta2O5 ndiyo inayoiunganisha historia ya mgodi na historia ya maabara.

3. Utando: historia ya maabara

Tantali iligunduliwa mwaka 1802 na mkemia wa Uswidi, Anders Gustaf Ekeberg. Aliipa jina la Tantalo, mfalme wa visasili vya Wagiriki aliyeadhibiwa kusimama majini bila kuweza kunywa, kwa kuwa oksidi yake ilitumbukizwa katika asidi bila kudhurika. Ilichukua miongo mingi kuitenganisha na niobi, metali inayofanana nayo sana. Jean Charles Galissard de Marignac alifanikiwa kuzitenganisha katika miaka ya 1860. Mwaka 1903, Werner von Bolton wa Siemens mjini Berlin alipata tantali safi inayoweza kuvutwa kuwa waya, na kwa muda mfupi metali hiyo ikatumika katika taa za umeme.

Tabia iliyoifanya tantali iwe na maana kubwa zaidi ni ile ya kujivika utando. Kipande cha tantali kikitumbukizwa katika asidi iliyozimuliwa na kuunganishwa na upande chanya wa umeme, uso wake hujigeuza kuwa oksidi. Utando huo hukua kwa kadiri ya volti inayotumika, karibu nanomita 2 kwa kila volti moja, kisha ukuaji hukoma. Volti ikiongezwa, utando huongezeka tena. Rangi ya uso hubadilika kadiri unene unavyobadilika, kwa sababu mwanga unaorudi kutoka juu ya utando na ule unaorudi kutoka chini yake huingiliana. Fundi mzoefu anaweza kuukadiria unene kwa kutazama rangi tu.

Katika miaka ya 1930 Wajerumani Güntherschulze na Betz walionyesha kwamba mkondo unaokuza utando huo hutegemea uga wa umeme kwa namna ya kipeo: ongezeko dogo la uga huleta ongezeko kubwa la mkondo. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Bell nchini Marekani, Taylor na Haring, walieleza kapasita mpya ambamo utando wa oksidi ya tantali ulifunikwa na dioksidi ya manganisi badala ya elektroliti ya majimaji. Kapasita hiyo ilikuwa ndogo, kavu na ya kudumu. Ilifaa kwa saketi za transista, na baadaye kwa kompyuta, vifaa vya kitabibu, magari na simu za mkononi.

Hapa inafaa kueleza hatua za kiwandani, kwa sababu ndizo zinazoonyesha thamani inapozaliwa. Ndani ya koltani, tantali tayari imeungana na oksijeni, ila imechanganyika na niobi, chuma na manganisi. Kiwandani mawe huyeyushwa kwa asidi kali ya floridi, tantali ikatenganishwa na niobi, ikageuzwa kuwa chumvi yenye potasi na florini, na chumvi hiyo ikaondolewa florini kwa kutumia sodiamu. Kinachobaki ni unga wa metali safi sana. Unga huo hushindiliwa na kuchomwa hadi ushikamane kama sifongo, kisha uso wake wote, pamoja na kuta za vitundu vya ndani, huvikwa oksidi upya. Kwa maneno mengine, kiwanda huondoa oksijeni yote iliyowekwa na miamba, kisha huirudisha kwa kipimo cha nanomita. Oksidi inayotokea ni Ta2O5, ile ile iliyoandikwa katika hati ya mauzo.

4. Unene

Uwezo wa kapasita kuhifadhi chaji huongezeka kadiri eneo la utando linavyoongezeka na kadiri unene unavyopungua. Utando wa nanomita 100 wenye eneo la mita moja ya mraba una uwezo wa takriban mikrofaradi 2,400. Uzito wa tantali iliyomo katika utando huo haufiki gramu moja. Unene huo ni kama sehemu moja ya 700 ya unene wa unywele. Hesabu hii inaeleza kwa nini viwanda hutafuta unga laini zaidi: ulaini huzidisha eneo la uso bila kuongeza uzito wa metali.

Kupunguza unene, hata hivyo, kuna gharama yake. Oksidi ya tantali inatakiwa iwe kihami, izuie umeme kupita. Kinachoamua kama itazuia ni uga wa umeme ndani yake, yaani volti ikigawanywa kwa unene. Volti 25 juu ya utando wa nanomita 100 huleta uga wa volti milioni 250 kwa mita. Unene ukipunguzwa kuwa nanomita 50, uga huwa volti milioni 500 kwa mita. Uwezo wa kuhifadhi chaji umeongezeka mara mbili tu, lakini mkondo unaovuja kupitia utando unaweza kuongezeka mara nyingi zaidi, kwa kuwa hautii uwiano wa kawaida. Ndiyo sababu mtengenezaji huukuza utando kwa volti kubwa kuliko ile ambayo kapasita itakutana nayo kazini, ili uwepo unene wa akiba.

Wala unene mkubwa si dawa ya kila kitu. Utando mpya wa oksidi ya tantali hauna mpangilio wa fuwele, na hali hiyo ndiyo inayoufanya uwe kihami kizuri. Utafiti wa D. A. Vermilyea katika miaka ya 1950 ulionyesha kwamba chini ya uga mkali sehemu fulani za utando hugeuka kuwa fuwele. Fuwele zikikua huupasua utando uliozizunguka na kufungua njia za umeme. Tatizo hilo huwa kubwa zaidi katika tando nene zinazokuzwa kwa volti za juu. Kwa hiyo unene hauwezi kujadiliwa peke yake bila kujadili ubora wa kile chenye unene huo.

5. Dosari

Kwa jicho la fizikia, dosari ni mahali ambapo mpangilio wa atomu haukukamilika: atomu imekosekana, imehama, au imechukua nafasi isiyo yake. Yakov Frenkel aliiandikia nadharia mwaka 1926, na mwaka 1930 Carl Wagner na Walter Schottky wakaonyesha kwamba dosari za namna hiyo zimo katika kila kitu kigumu chenye joto. Katika oksidi, dosari iliyo muhimu kuliko nyingine ni pengo la oksijeni. Atomu ya oksijeni ikikosekana, elektroni ambazo ingezishika hubaki bila mshikaji imara, na zinaweza kuanza kusafiri.

Mwaka 1938 Frenkel huyo huyo alieleza jinsi uga wa umeme unavyozisaidia elektroni zilizonaswa katika dosari kuchoropoka. Uga ukiwa mkali, kizuizi kinachozishika hushuka, na elektroni nyingi zaidi huruka kutoka dosari moja hadi nyingine. Hapa ndipo unene na dosari vinapokutana. Wembamba wa utando huukaza uga, na dosari hutoa elektroni za kuitikia uga huo. Utando mwembamba usio na dosari nyingi unaweza kubaki kihami, na utando mnene wenye dosari nyingi unaweza kuvuja.

Kisa kimoja cha miaka ya 1960 kinalidhihirisha jambo hilo. D. M. Smyth na wenzake waligundua kwamba utando wa oksidi ukipashwa joto la mamia ya nyuzi, oksijeni huhama kutoka kwenye oksidi kuingia katika metali iliyo chini yake. Sehemu ya oksidi iliyo karibu na metali hubaki na mapengo mengi, ikaanza kupitisha umeme, na sehemu inayozuia umeme ikawa nyembamba kuliko inavyoonekana. Dosari, kwa namna hiyo, hupunguza unene wenye manufaa bila kupunguza unene wa kupimwa. Ugunduzi huo ulikuwa na uzito kiwandani, kwa kuwa dioksidi ya manganisi huwekwa juu ya utando kwa njia ya joto. Tiba yake ilikuwa kurudisha kapasita katika elektroliti ili utando ujazwe oksijeni tena.

Uchafu nao ni chanzo cha dosari. Chembe za chuma, kaboni au sodiamu zilizosalia katika unga huwa mbegu za fuwele na vituo vya kuvuja. Chuma ni mwenzi wa asili wa tantali ndani ya koltani. Ugumu wa kumwondoa mwenzi huyo ndio unaogeuza kilo ya madini kuwa bidhaa ya viwanda vichache vyenye ujuzi huo, kama vile vya Goslar nchini Ujerumani, Boyertown nchini Marekani, na mkoa wa Ningxia nchini China.

Inafaa kuongeza kwamba dosari si hasara katika kila oksidi. Mwaka 1907, Karl Bädeker wa Leipzig aligundua kwamba utando wa oksidi ya kadimi unaweza kuwa angavu na wakati huo huo kupitisha umeme. Oksidi ya bati, ambayo ndiyo kasiteriti yenyewe ya Kivu na Kayanza, hutumiwa kwa njia hiyo katika vioo vinavyopitisha umeme: utando wake hunyimwa oksijeni kidogo au hutiwa florini ili elektroni zipatikane. Madini mawili yanayotoka katika mwamba mmoja, na mara nyingi katika karai moja, yana matumizi yanayopingana. Moja hutakiwa lisiwe na dosari, jingine hutiwa dosari makusudi.

6. Mwaka 2000 na maana yake

Mwaka 2000, mahitaji ya simu na vifaa vya elektroniki yalipopanda kwa ghafla, bei ya tantali katika soko la papo kwa papo ilitoka chini ya dola 50 kwa ratili ya oksidi na kupita dola 200 kabla ya mwaka kwisha. Maelfu ya watu wa Kivu waliacha mashamba wakaenda migodini. Novemba 2000, kundi la waasi la RCD-Goma lililoidhibiti sehemu hiyo lilianzisha ukiritimba wa ununuzi kupitia kampuni iliyoitwa SOMIGL, na kutoza kodi kwa kila kilo iliyosafirishwa. Mwaka 2001 bei iliporomoka, na ukiritimba huo haukudumu. Aprili 2001, ripoti ya jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa ilieleza jinsi mapato ya madini yalivyolisha vita.

Historia hii imesimuliwa mara nyingi kwa upande wa mgodi. Kwa upande wa utando, kilichofuata hakikupewa uzito unaostahili. Watengenezaji wa kapasita waliposhtushwa na bei, walizidi kutumia unga laini zaidi, ili tantali kidogo itoe eneo kubwa zaidi la utando. Waliendeleza kapasita za niobi na oksidi ya niobi, na wateja wao wengi wakahamia kapasita za seramiki. Walioujua utando waliweza kuijibu bei kwa kubadilisha utando. Walioijua mizani peke yake hawakuwa na jibu ila kungoja.

Hatua za kimataifa zilizofuata zilijikita katika asili ya madini. Sheria ya Marekani ya Julai 2010, katika kifungu cha 1502, ilizitaka kampuni kueleza kama madini yao yanatoka Kongo au nchi jirani, na Burundi ikiwemo. Azimio la Lusaka lilikuja miezi mitano baadaye. Mifuko ya madini ikafungwa lebo, na hati zikajazwa. Hatua hizo zililenga uovu wa kweli, na makala haya hayazibezi. Lakini swali lililoulizwa na hati hizo ni moja: mzigo umetoka wapi? Swali la nini kimo ndani ya mzigo, ni uchafu gani unaoshusha bei yake, na kiasi gani cha thamani kinaongezwa baada ya bandari, liliachwa mikononi mwa mnunuzi.

Burundi yenyewe imekutana na swali hilo katika madini mengine. Mwaka 2021 serikali ilisimamisha usafirishaji wa madini ya ardhi adimu kutoka Gakara, kusini-mashariki mwa Bujumbura, ikitaja wasiwasi kuhusu bei na mgawanyo wa manufaa. Madini hayo pia huuzwa kwa bei inayotegemea oksidi zilizomo. Dola isiyokuwa na wataalamu wanaoweza kuijadili oksidi hiyo mezani hujikuta na njia moja tu, nayo ni kufunga lango.

7. Lugha ya mgodi na lugha ya hati

Katika migodi na masoko ya mashariki mwa Kongo, na katika sehemu ya biashara ya Bujumbura, Kiswahili ndicho lugha ya mapatano. Kiswahili hicho kimepokea maneno ya Kifaransa ya kumtaja mfanyabiashara wa kati na nyumba ya ununuzi, na kina msamiati wake wa kutofautisha mchanga mzuri na mbaya. Nyaraka za uthibitishaji, mikataba na ripoti za maabara zimetumia hasa Kiingereza na Kifaransa. Mchimbaji anayeambiwa kwamba mzigo wake una asilimia 18 hana namna ya kuhoji, si kwa sababu hoja ni ngumu kupita kiasi, ila kwa sababu haijawahi kuelezwa katika lugha anayoitumia kukubaliana bei.

Dai kwamba Kiswahili hakina maneno ya fizikia ya aina hii halisimami. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Maneno kama kihami, kipitishi, ukinzani, fuwele, oksidi na elektroni yamo katika matumizi. Neno utando, linalotaja kazi ya buibui na ngozi inayoganda juu ya maziwa, tayari limepokelewa katika biolojia kwa utando wa seli, na linafaa kabisa kwa tabaka la oksidi. Pengo la oksijeni linaeleweka kwa kusikika tu.

Neno linalohitaji uangalifu ni dosari. Katika lugha ya kawaida dosari ni kasoro, jambo la kuondolewa. Katika fizikia ya tando ni hali ya mpangilio, inayodhuru katika oksidi ya tantali na kufaa katika oksidi ya bati. Mfasiri atakayeliacha bila maelezo atampotosha msomaji, na atakayelikwepa kwa kubuni neno geni atampoteza. Njia iliyo salama ni kulitumia neno hilo na kulifafanua kwa mfano wa madini ambayo msomaji anayajua.

Maarifa yenyewe hayako mbali. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano wa muda mrefu na Uppsala nchini Uswidi, imelea watafiti wa nyenzo za nishati ya jua waliotafiti tando nyembamba za oksidi. Tasnifu zao zimeandikwa kwa Kiingereza. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuata mwaka 2022. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Kwa mara ya kwanza, mgodi, mtafiti na chombo cha lugha vimo ndani ya jumuiya moja.

8. Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba tangu enzi ya Usumbura eneo la Maziwa Makuu limeiuza tantali kama uzito, na kwamba wanunuzi wake wamekuwa wakiinunua kama utando mtarajiwa. Tofauti kati ya mitazamo hiyo miwili imelipiwa na mchimbaji katika bei na na dola katika kodi.

Mapendekezo matatu yanafuata kutokana na uchambuzi huu. Kwanza, Sekretarieti iliyoko Bujumbura itoe hati za uthibitishaji kwa Kiswahili pia, na hati hizo zieleze asilimia ya oksidi na uchafu uliopimwa, pamoja na njia ya kukata rufaa dhidi ya kipimo. Pili, Kamisheni ya Kiswahili iwakutanishe wanafizikia, wakemia na wataalamu wa istilahi ili kusanifisha msamiati wa tando, unene na dosari, na matokeo yajaribiwe migodini kabla ya kuchapishwa. Tatu, wizara za madini ziwe na maabara za pamoja za kupima sampuli, zenye watumishi wanaoweza kumsomea mchimbaji matokeo yake kwa lugha yake. Kati ya matatu hayo, la kwanza linahitaji fedha kidogo kuliko mengine, na linaweza kuanza na ukurasa mmoja: ule unaoandikwa asilimia ya Ta2O5.